Majina Yaliyopanda Mlima: Safari ya Chama Chetu Hadi Horombo

Ndugu Mhariri ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, akaniachia nichague jambo lo lote mradi liihusu shule yetu. Sikuchukua muda kuchagua. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Na sisi tuliokuwa wanachama wa chama cha wapanda milima hapa shuleni tulikutanishwa na mlima. Nataka kuwasimulia wenzangu, na hasa ninyi vijana mliopo madarasani sasa, habari za mwisho wa juma mmoja wa mwezi wa Septemba 1996. Lakini sitaisimulia safari peke yake. Nitaisimulia pamoja na historia ya Mlima Kilimanjaro, maana mambo hayo mawili yalinifunza somo moja, nami somo hilo nilichelewa sana kulielewa.

Tulikuwa wanafunzi 22 na walimu wawili. Tuliondoka shuleni Ijumaa alfajiri kwa lori, tumekaa juu ya magunia ya viazi na masufuria ya jikoni. Mwalimu wetu wa Historia, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi wa chama, alikuwa na desturi ya kutompeleka mtu mlimani bure. Kila mmoja wetu alipewa jina moja linalopatikana katika ramani ya mlima, akaambiwa aulize na kusoma mpaka ajue mwenye jina hilo alikuwa nani. Mimi, nikiwa katibu wa chama, nilipewa kazi ya kuandika ripoti ya safari.

Tulifika lango la Marangu kabla ya adhuhuri. Hapo ni karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Tuliandika majina yetu katika kitabu cha wageni, mmoja baada ya mwingine: jina, umri, kazi, mahali atokako. Wenzetu sita wa Marangu waliokuja kutusaidia, yaani kiongozi, msaidizi wake na wapagazi wanne, walisimama pembeni wakifunga mizigo. Nayataja haya mapema kwa sababu nitayarudia.

Kutoka langoni njia huingia msituni. Miti imevikwa kuvu na mbega huruka matawini. Baada ya saa tatu hivi tulifika kituo cha Mandara, karibu meta 2,700, ambako tulilala. Aliyepewa jina hilo alitusomea habari zake baada ya chakula. Mandara ni jina jingine la Mangi Rindi wa Moshi, aliyetawala katika karne ya 19 na kufariki mwaka 1891. Alikuwa mtawala mwerevu aliyejua kufaidika na misafara ya pwani, na wageni kadhaa wa Kizungu walipitia kwake. Mmoja wao alikuwa mmisionari Charles New, aliyefika kwenye theluji mwaka 1871. Lakini kituo hicho hakikuitwa Mandara tangu awali. Enzi za Wajerumani kibanda cha mahali hapo kiliitwa Bismarck, kwa heshima ya waziri mkuu wao. Mwalimu alituambia tuandike majina yote mawili, la kale na la sasa, maana jina linapobadilishwa hapana budi kuwa kuna jambo limebadilika nchini.

Usiku huo huo tulisoma habari za Johannes Rebmann. Huyu alikuwa mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, karibu na Mombasa. Mwezi wa Aprili 1848 alianza safari ya kwenda nchi ya Wachagga, na tarehe 11 Mei aliuona mlima wenye kitu cheupe kileleni. Habari zake zilipofika Ulaya baadhi ya wataalamu walizikataa. William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kuwa theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Leo kila mtoto wa shule hulijua jina la Rebmann. Lakini Rebmann hakwenda peke yake. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara, pamoja na wapagazi. Rebmann alipomwuliza kiongozi wake kile cheupe ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Neno hilo la Kiswahili liliingia katika kumbukumbu za Rebmann, na kwa hakika halikuwa jibu baya. Jina la Bwana Kheri limehifadhiwa. Ya wapagazi walio wengi hayakuhifadhiwa.

Jumamosi tuliondoka asubuhi kwenda Horombo, mwendo wa kilometa zipatazo 11. Msitu huisha ghafla, mtu akajikuta katika nyika ya vichaka na manyasi, jua kali na upepo baridi kwa pamoja. Kilele cha Mawenzi huonekana upande wa kulia kikiwa kimechongoka kama meno ya msumeno. Huo ndio mlima mdogo wa Kilimanjaro, wenye meta 5,149, lakini kuupanda ni kazi ngumu zaidi kuliko Kibo. Haukupandwa hadi kileleni mpaka mwaka 1912, na Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute. Wapagazi walitupita wote njiani na mizigo kichwani, wakatukuta baadaye tumekaa juu ya mawe tunahema, nao wakiwa wamekwisha bandika chai.

Horombo ipo meta 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mwenye jina hilo alikuwa Mangi wa Keni, huko Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Alijaribu kuziunganisha nchi za Wachagga chini ya utawala mmoja, na alijenga ngome za mawe. Hapo nako Wajerumani walikuwa wameweka jina lao: kibanda kiliitwa Peters. Carl Peters alikuwa mtu wa mikataba ya ulaghai iliyowanyang'anya machifu wetu nchi mwaka 1884. Mwaka 1891 aliletwa Kilimanjaro kuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, na akiwa huko aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na, mwanzoni mwa 1892, msichana aliyeitwa Jagodja. Ukatili wake ulipojulikana kwao alishtakiwa, akafukuzwa kazi mwaka 1897. Watu wetu walikuwa wamekwisha mpa jina lake: Mkono wa Damu. Nakumbuka jinsi tulivyonyamaza tulipoyasikia hayo, tumekaa mahali pale pale palipoitwa kwa jina la mtu huyo. Kulifuta jina la Peters na kuliweka la Horombo ilikuwa haki, tena iliyochelewa.

Jioni ile Mwalimu alitueleza mwenyewe habari za 1889. Hans Meyer, mtaalamu wa jiografia kutoka Leipzig, alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887 akazuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka 1888 alirudi, lakini aliangukia katika vita vya Abushiri vya kupinga utawala wa Wajerumani pwani. Yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa, wakaachiliwa kwa kulipiwa fidia. Mara ya tatu alikuja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na mpanda milima hodari. Walianzia Marangu kwa Mangi Marealle. Tarehe 3 Oktoba 1889 walifika ukingoni mwa kreta, wakarudi chini, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Meyer akakiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm.

Mwalimu akatuuliza: "Mara ya tatu alikuwa na nini ambacho mara ya kwanza hakuwa nacho?" Tulijibu kamba, tukajibu shoka la barafu, tukajibu mwenzi hodari. Yote ni kweli. Lakini alitueleza kuwa jambo kubwa lilikuwa chakula. Safari za mwanzo zilikuwa zikishindwa kwa sababu posho iliisha kabla ya kilele, watu wakalazimika kushuka. Mwaka 1889 Meyer alipanga kambi juu mlimani, na wapagazi wakapanda na kushuka kutoka Marangu kuziletea chakula, hata Wazungu wale wawili wakaweza kukaa juu na kujaribu tena na tena. Mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, alikaa nao katika kambi ya juu akiilinda na kupika, katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo. Kilele kilipandwa na miguu ya watu wawili, lakini kilipandwa kwa migongo ya wengi.

Hapo ndipo kiongozi wetu wa Marangu, mzee wa makamo aliyekuwa akitusikiliza kimya, alipoingilia mazungumzo. Alituambia kwamba miezi michache tu iliyopita Marangu walikuwa wamemzika Mzee Yohani Kinyala Lauwo. Wengi wenu mnalijua jina hilo. Mzee huyo aliongoza wapanda mlima kwa miaka mingi sana, na husimuliwa kwamba ndiye kijana aliyechaguliwa na Mangi Marealle kumwonyesha Meyer njia. Katika maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, alipewa heshima kubwa. Alifariki mwaka 1996, ikisemwa kuwa amezidi miaka 120. Wapo watafiti waliotilia shaka umri wake, na hata kuwapo kwake katika safari ile. Mimi siwezi kuliamua shauri hilo. Lakini natazama sababu ya shaka yenyewe. Hakuna anayeuliza kama Purtscheller alikuwapo, maana ameandikwa. Kwa Lauwo tunabishana kwa kuwa siku ile hakuna aliyeona haja ya kumwandika. Asiyekuwapo na lake halipo, husema waungwana. Lakini huyu yawezekana alikuwapo, na lake likakosekana vile vile.

Mwalimu alimalizia na habari za Uhuru. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alitangaza nia ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni, na kile kilichokuwa kilele cha Kaiser Wilhelm kikawa kilele cha Uhuru, meta 5,895. Tulipiga makofi. Kisha tukaenda kulala, tukiwa na fahari kubwa.

Kiasi cha saa tano usiku mwenzetu mmoja aliamka akilia kichwa. Alitapika, akataka kusimama, akapepesuka kama mlevi. Leo najua kuwa mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea hewa haba ya juu, na kwamba sisi tulipanda upesi mno kwa sababu tulikuwa na mwisho wa juma mmoja tu. Mwenzetu huyo, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne na ameniruhusu kusimulia haya bila kumtaja, alikuwa hodari wa mpira kuliko sisi sote. Ugonjwa wa mlimani hauangalii uhodari.

Mwalimu alitaka tungoje kuche. Kiongozi akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, samahani. Huyu hangoji asubuhi. Dawa yake ni kushuka, na kushuka kwenyewe ni sasa." Machela ilikuwa imetumika mchana ule kumteremshia mgeni mwingine. Basi mpagazi mmoja, kijana mwembamba wa miaka 25 hivi, akavua sweta yake akamvika mgonjwa, akainama, akambeba mgongoni. Mwenzake alifuata kumpokezana naye. Mwalimu wa pili alikwenda nao, nami nikapewa tochi niwamulikie.

Tulishuka usiku kucha. Kijana yule alikuwa amevaa raba zilizopasuka mbele. Alikuwa akimsemesha mgonjwa asisinzie: alimwuliza jina lake, majina ya dada zake, jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Alipochoka kumwuliza yeye, aliniuliza mimi: "Na wewe mdogo wangu, waitwa nani? Baba yako nani? Mwatoka wapi?" Nilijibu yote. Tulifika Mandara kabla ya mapambazuko, na mwenzetu alikuwa amekwisha anza kuomba chai. Kijana yule alikunywa kikombe kimoja, akachukua sweta yake, akageuka kupanda tena kwenda Horombo, kwa sababu mizigo ya wenzetu ilikuwa ikimngoja. Mimi sikumwuliza jina.

Jumapili jioni tulirudi shuleni. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Iliwekwa kwenye ubao wa matangazo, nikasifiwa katika mkutano wa asubuhi. Nakala yake ninayo hadi leo. Ndani yake wamo Rebmann na Cooley, Meyer na Purtscheller, Bismarck na Peters. Wamo wanafunzi wote 22 kwa mpangilio wa alfabeti. Kuhusu usiku ule nimeandika sentensi moja: kwamba mwanachama mmoja aliugua na akateremshwa na wapagazi. Mimi niliyekaa jioni nzima nikisikitikia majina yaliyosahauliwa na Meyer, nilifanya kosa lile lile kabla ya wiki kwisha. Tena mimi nilikuwa na udhuru mdogo kuliko wake, maana mtu yule lugha yake ilikuwa yangu, na aliniita mdogo wake.

Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni majalada. Nimewaona wazee waliofanya kazi kwa uaminifu, wakaja kudai haki yao, na daftari la miaka ile likawa halina jina. Mzee husimama mbele yako, ana mikono miwili yenye sugu, lakini karatasi yasema hakuwapo. Kila nimwonapo mtu wa namna hiyo huikumbuka ripoti yangu. Mwaka 2019 nilikwenda Marangu kwa siku mbili kumtafuta kijana yule, ambaye sasa naye ni mtu mzima. Watu walinipokea vizuri na kunisikiliza. Waliniuliza jina lake. Nikasema silijui. Waliniuliza alifanya kazi na nani. Jina la kiongozi pia sikuwa nimeliandika. Mama mmoja akanijibu kwa upole, "Baba, waliobeba wagonjwa ni wengi hapa." Nilirudi kama nilivyokwenda.

Langoni Marangu lipo bamba la kumbukumbu lililowekwa kwa heshima ya wenyeji waliofuatana na Meyer. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Ilichukua miaka mingi sana mpaka bamba lile liwekwe, na bado tunabishana nani alistahili kuwamo. Hiyo ndiyo gharama ya kutoandika siku ile ile. Kuandika jina huchukua nusu dakika.

Vijana wetu, nimesikia kwa furaha kuwa chama cha wapanda milima kimefufuliwa. Nendeni mlimani, lakini nendeni mkijua mambo mawili matatu. Kwanza, msiige haraka yetu. Mwisho wa juma mmoja watosha kufika Mandara na kuzunguka kreta ya Maundi, na kurudi salama. Mwenda pole hajikwai. Pili, uangalieni mlima vizuri. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa katika barafu iliyokuwapo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Ile baridi ya Bwana Kheri inapungua, na huenda ninyi ndio mtakaowasimulia wajukuu kwamba mliiona kwa macho.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu: chama kiwe na daftari, na katika daftari hilo kila aliyekwenda aandikwe. Mwanafunzi, mwalimu, dereva wa lori, kiongozi, mpishi, na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita siku hizi. Waandikeni majina yote mawili na kijiji. Waulizeni wenyewe jinsi majina yao yanavyoandikwa. Fanyeni hivyo langoni, kabla hamjaanza kupanda, maana mkishuka mtakuwa mmechoka na mna haraka ya kurudi nyumbani, kama mimi. Daftari la kwanza nimelinunua, na nimelikabidhi kwa mlezi wa chama.

Na ninyi wenzangu wa mwaka 1996, tuliokuwa 22 na sasa tumepungua, nawaomba mkumbuke. Kijana mwembamba, raba zilizopasuka, sweta ya kijani. Kama kuna ye yote kati yenu aliyewahi kusikia akiitwa kwa jina, aniandikie kwa anwani ya Mhariri. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile nimeuandika mwenyewe: safari ya Horombo, Septemba 1996. Yamo majina yetu yote, na chini yake nimeacha mistari sita mitupu.